Bibi Analala Mchana Kutwa: Nani Anaangalia Vidonge Vyake?

 

Kila shule tunayopita kufundisha huwa tunaacha sanduku la maswali. Mwanafunzi anaandika swali lake, haandiki jina, anatumbukiza. Mengi ni yale mnayoyajua: mapenzi, hedhi, chunusi, Ukimwi. Lakini katika shule moja hapa Runzewe tulikuta karatasi iliyokunjwa mara nne, imeandikwa hivi:

"Bibi yangu ana miaka sabini na kitu. Zamani alikuwa anatusimulia hadithi. Siku hizi anasahau majina yetu, usiku anatoka nje anasema anakwenda kufungulia ng'ombe, na sisi ng'ombe hatuna. Mjomba alinunua vidonge dukani vya kumtuliza. Sasa analala mchana kutwa, mate yanamtoka, mikono inatetemeka, na juzi kaanguka akienda chooni. Majirani wanasema mengine kabisa. Je, huu ni ugonjwa au ni dawa?"

Swali hili ni zito, na ni zuri. Leo tulijibu taratibu, maana huenda na nyumbani kwako kuna mzee wa namna hiyo.

DAWA HIZI NI ZIPI?

Kuna kundi la dawa linalotumika kutibu magonjwa makali ya akili, yale ambayo mgonjwa anasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au anaamini mambo ambayo hayapo. Ugonjwa unaojulikana zaidi hapo ni skizofrenia. Dawa za kundi hili ni kama klopromazini, ambayo wengi wanaijua kwa jina la kiwandani la Largactil, na haloperidoli. Ipo pia sindano ya flufenazini, ambayo mgonjwa huchomwa mara moja kwa wiki kadhaa.

Klopromazini ilitengenezwa Ufaransa mwishoni mwa mwaka 1950. Mwaka 1952 madaktari wawili wa Paris, Jean Delay na Pierre Deniker, walianza kuitumia kwa wagonjwa wa akili, na hospitali zikabadilika. Watu waliokuwa wakifungwa kamba au kufungiwa vyumbani miaka na miaka wakaweza kukaa, kula na kuzungumza. Haloperidoli ilifuata mwaka 1958 kutoka Ubelgiji. Hata kwetu, hospitali ya Mirembe kule Dodoma, iliyoanza mwaka 1927, ilikuwepo kwa miaka mingi kabla ya kuwa na dawa ya namna hiyo.

Kwa hiyo elewa jambo la kwanza: dawa hizi si sumu wala si adui. Kijana mwenye skizofrenia anayezitumia vizuri anaweza kusoma, kulima, kuoa na kulea. Kama ndugu yako amepewa na hospitali, ASIACHE kwa sababu ya kusoma makala haya.

Tatizo ni pale zinapopewa mtu ambaye si ugonjwa wake, na hakuna anayefuatilia.

ZINAFANYAJE KAZI?

Mliofika kwenye mada ya mfumo wa fahamu katika Baiolojia mtakumbuka kwamba chembe za ubongo hupelekeana ujumbe kwa kemikali. Mojawapo inaitwa dopamini. Katika skizofrenia kazi ya dopamini sehemu fulani za ubongo huzidi. Dawa hizi huziba "milango" inapoingilia dopamini, na sauti zile zinapungua.

Lakini dopamini hiyo hiyo ndiyo inayosaidia mwili kwenda bila kukakamaa. Ukiziba milango yake sana, mtu anatetemeka mikono, anatembea kwa kuburuza miguu, uso unakuwa mkavu kama kinyago, mate yanamtoka. Mwingine hawezi kutulia kabisa, anakaa, anasimama, anakaa, anasimama. Hapo watu wa nyumbani husema, "Kichaa kimezidi, mwongeze kidonge!" Kumbe ni dawa yenyewe inayomfanya hivyo.

Zaidi ya hapo, dawa hizi huleta usingizi, na baadhi, hasa klopromazini, huteremsha msukumo wa damu mtu anaposimama ghafla. Mzee anaamka usiku kwenda chooni, anasimama, giza linamjia machoni, chini puu! Nyonga ya mzee ikivunjika, huenda asitembee tena.

BIBI ANA NINI?

Kusahau kidogo kidogo kwa uzee ni kawaida. Lakini mzee akianza kupotea njia ya nyumbani, akasahau majina ya wanawe, akawasha moto akasahau chungu, akamwogopa mjukuu aliyemlea mwenyewe, huo ni ugonjwa. Unaitwa demensia. Chembe za ubongo zinakufa polepole, kwa miezi na miaka. Si kichaa, si laana, wala si adhabu.

Yapo pia mavurugiko ya ghafla. Mzee aliyekuwa mzima Jumatatu, Jumatano anaweweseka, haelewi yuko wapi, anaona wadudu ukutani. Hii ni dharura. Sababu zake mara nyingi zinatibika: malaria, maambukizi ya njia ya mkojo, homa ya mapafu, upungufu wa maji mwilini, sukari kushuka, maumivu, choo kigumu, au dawa nyingine aliyopewa. Ukimpa mzee huyu kidonge cha kumlaza, umezima kengele huku nyumba inaungua. Malaria inaendelea, na yeye hawezi hata kusema.

Sisi tunaoishi kwenye ukanda wa dhahabu tuna jambo moja la kuongeza. Kama nyumbani mnachoma dhahabu yenye zebaki, moshi wake huingia kwenye ubongo. Zebaki huleta kutetemeka, hasira za ghafla na kusahau, kwa mzee na kwa mtoto pia. Daktari asipoambiwa hawezi kubahatisha. Mwambieni. Na zebaki isichomwe nyumbani wala karibu na jikoni.

KWA NINI NI HATARI KWA MZEE?

Mwili wa mzee hautoi dawa haraka kama wako wewe. Figo na ini vimechoka. Kipimo ambacho kijana anakimeza akatembea, mzee kinamlaza siku mbili. Akilala sana hanywi maji, hali, na anapolishwa akiwa nusu usingizini, uji unaweza kuingia njia ya hewa ukaleta homa ya mapafu.

Mwezi Aprili 2005 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo kali baada ya kupitia majaribio 17 ya dawa mpya za kundi hili kwa wazee wenye demensia. Katika majaribio ya takriban wiki 10, kati ya wazee waliomeza dawa, asilimia 4.5 hivi walifariki. Kati ya waliomeza kidonge kisicho na dawa, ni asilimia 2.6 hivi. Wengi walikufa kwa moyo au kwa homa ya mapafu. Mwaka 2008 onyo hilo likapanuliwa kugusa hata dawa za zamani, zikiwemo haloperidoli na klopromazini.

Tufanye hesabu. Chukua wazee 1,000 waliomeza dawa na wengine 1,000 ambao hawakumeza. Kundi la kwanza watakufa 45, la pili 26. Tofauti ni wazee 19. Hao 19 ni bibi na babu za watu.

WENZETU WALIJIFUNZAJE?

Katika nchi za Ulaya na Marekani wazee wengi wanaishi katika nyumba za kutunzia wazee. Wauguzi huwa wachache, wazee wengi, na usiku ni mrefu. Mzee anayepiga kelele au kutembeatembea anachosha. Kidonge kikawa njia rahisi. Wataalamu wakaita jambo hili kumfunga mtu kwa dawa badala ya kamba. Hakuna alama kwenye mikono, lakini mtu amefungwa.

Mwaka 1987 Marekani ilitunga sheria kwamba mzee anayeishi katika nyumba hizo ana haki ya kutofungwa, iwe kwa kamba au kwa dawa, kwa ajili ya kumwadhibu au kuwarahisishia watunzaji kazi. Wakaguzi wakaanza kuuliza: dawa hii ni ya ugonjwa gani? Nani aliiandika? Mmejaribu kuipunguza?

Uingereza, mwaka 2009, Profesa Sube Banerjee aliiandikia serikali ripoti. Alikadiria kwamba watu 180,000 wenye demensia walikuwa wakipewa dawa hizi kila mwaka, na kwamba wasiozidi 36,000 ndio walionufaika. Vifo vya ziada alivikadiria kuwa 1,800 kwa mwaka. Yaani kati ya watu watano, wanne walimeza hatari bila faida.

Marekani nao walipohesabu mwishoni mwa mwaka 2011 waliona kwamba karibu mzee mmoja kati ya wanne wanaoishi katika nyumba hizo anapewa dawa hizi. Mwaka 2012 wakaanza kampeni ya kupunguza, na idadi ikashuka sana. Safi! Lakini subiri. Mgonjwa wa skizofrenia hakuhesabiwa katika takwimu hizo, kwa kuwa yeye dawa ni haki yake. Basi baadhi ya nyumba zikaanza kuwaandikia wazee "skizofrenia" ambayo hawakuwa nayo. Mwaka 2021 gazeti la The New York Times liliandika habari hiyo kwa kirefu, na mwaka 2023 serikali ya huko ikatangaza ukaguzi wa majalada.

Funzo ni hili: kuhesabu vidonge peke yake hakutoshi. Lazima mtu amwangalie mzee mwenyewe.

NA KWETU JE?

Hapa kwetu yapo makazi ya wazee ya serikali, kama Kolandoto kule Shinyanga na Bukumbi kule Misungwi. Lakini hayo ni ya wazee wachache wasio na mtu. Kwetu mzee anaishi nyumbani. Mtunzaji wake ni binti, mkwe, au wewe mjukuu unayelala naye chumba kimoja.

Sheria tunazo. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mtu wa miaka 60 na zaidi kuwa mzee. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 inahusu kumtunza na kumlinda mwenye ugonjwa wa akili. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, inasajili dawa na kupokea taarifa za madhara yake. Mhudumu wa afya akiona dawa imemdhuru mtu, anajaza fomu ya njano na kuipeleka kwao. Na dawa tunazozungumzia ni za cheti: hazitakiwi kuuzwa bila kuandikwa na daktari.

Lakini wote tunajua mambo yalivyo. Mtu anaingia dukani, anasema "nipe za kumtuliza mzee," anafungiwa vidonge kwenye kikaratasi, hakuna jina la dawa, hakuna maelezo. Mkaguzi hawezi kuingia kila nyumba ya Runzewe, Ushirombo na Masumbwe usiku kuhesabu vidonge vya bibi. Nyumba zetu hazina mkaguzi.

Kwa hiyo mkaguzi ni nani? Ni wewe unayejua kusoma na kuandika.

Wala tusimlaumu mjomba. Mchana yuko machimboni, usiku anamfuata mama yake gizani. Hajalala wiki nzima. Alitafuta msaada, akapata kidonge. Ni uchovu ule ule wa wauguzi wa Ulaya.

MASWALI SABA YA MJUKUU

Chukua daftari la mazoezi, andika maswali haya. Mkienda zahanati au kituo cha afya, uliza kwa adabu. Kuuliza si utovu wa heshima.

1. Dawa hii inaitwaje? Kama hakuna jina, chukua na kikaratasi chenyewe uende nacho.
2. Ni ya ugonjwa gani? "Ya kumtuliza" si jibu. Usumbufu si jina la ugonjwa.
3. Nani aliiandika, na alimpima bibi kwanza?
4. Anakunywa kiasi gani, saa ngapi? Mzee huanza na kipimo kidogo kabisa.
5. Tutajuaje kama inamsaidia? Na tutajuaje kama inamdhuru?
6. Ana dawa nyingine? Taja zote: za presha, za maumivu, za kienyeji pia.
7. Tutarudi lini kuangalia kama ipunguzwe au iachwe?

Kisha kila siku jaza mistari minne: amelala saa ngapi, amekula na kunywa nini, ametembea vipi, amesumbuliwa na nini na saa ngapi. Daftari la wiki moja linamwambia daktari mambo mengi kuliko kumwambia "hali yake mbaya."

Mwone mhudumu wa afya haraka, siku hiyo hiyo, ukiona: haamki vizuri, ana homa kali na mwili umekakamaa, hawezi kumeza, ameanguka, au amepooza upande mmoja.

Angalizo: usimwachishe dawa ghafla kwa amri yako mwenyewe, hasa kama ameitumia muda mrefu. Daktari ndiye anayepanga kupunguza polepole. Lakini ikiwa haamki vizuri, usimpe kidonge kingine. Mpelekeni, na vidonge vyake mkononi.

KABLA YA KIDONGE

Mzee mwenye demensia hasumbui bure. Anasema kitu, ila maneno yamempotea. Jaribuni haya kwanza:

• Je, anaumwa? Meno, magoti, tumbo, mkojo? Mpimeni malaria.
• Je, anasikia na kuona? Mtu asiyesikia huwaza kwamba anatetwa.
• Usiku acheni taa ndogo. Giza humtia hofu.
• Mpelekeni chooni kabla ya kulala. Wengi wanaotoka nje usiku wanatafuta choo tu.
• Mchana apate jua na kazi nyepesi. Mpe choroko achambue au karanga abangue. Hata akikosea, mwache.
• Usibishane naye. Akisema anakwenda kufungulia ng'ombe, mwulize, "Bibi, walikuwa wangapi? Yule dume alikuwa rangi gani?" Atakaa kitako akusimulie. Ukimwambia "ng'ombe wamekufa zamani," kila siku unamfiwisha upya.
• Mgawane zamu. Mtu mmoja asibebe peke yake.

Ikiwa yote yamejaribiwa, na mzee anaona mambo ya kutisha au anaweza kujiumiza au kuumiza wenzake, hapo daktari anaweza kuandika dawa hizi, kwa kipimo kidogo na kwa muda mfupi, na kumwona tena baada ya wiki chache. Kesi ngumu hupelekwa hospitali kubwa kama Bugando, Mwanza, ambako kuna idara ya magonjwa ya akili.

NENO MOJA ZITO

Mwanafunzi yule aliandika: "Majirani wanasema mengine kabisa." Kila mtu wa Shinyanga na Geita anajua ni mengine gani. Bibi anayetembea usiku, anayeongea peke yake, mwenye macho mekundu. Kwa maneno hayo, bibi wengi wa kanda yetu wameuawa kwa mapanga, na ni aibu yetu.

Sasa wewe umesoma. Macho mekundu ni moshi wa kuni na wa samadi kwa miaka hamsini ya kutupikia. Kutembea usiku ni demensia. Kutetemeka kunaweza kuwa ni dawa. Sema hivyo mbele ya watu, barazani na kisimani. Ukisikia vitisho, usinyamaze: mwambie mwenyekiti wa kijiji au mtaa, mwalimu, afisa ustawi wa jamii au polisi. Na mzee asilale peke yake.

Ndiyo sababu nyingine ya kumwangalia bibi vidonge vyake. Mzee aliyelazwa kwa dawa hawezi kukimbia, hawezi kupiga yowe.

BIBI YULE ALIISHIAJE?

Tulijibu swali lile mbele ya darasa zima bila kuuliza nani kaandika. Baada ya kipindi binti alikuja mwenyewe. Tulimpa maswali saba, akaenda kuzungumza na mjomba. Alianza na shikamoo, akampa pole ya kazi, ndipo akafungua daftari. Siku ile ile wakampeleka bibi kituo cha afya, na vidonge kwenye kikaratasi.

Vilikuwa haloperidoli, kipimo cha mtu mzima mwenye nguvu, mara mbili kwa siku. Vipimo vikaonyesha maambukizi ya mkojo. Akatibiwa, dawa ile ikapunguzwa na baada ya wiki kadhaa ikaachwa. Mate yalikoma na kutetemeka kukapungua.

Je, bibi alipona kusahau? Hapana. Demensia haijapata dawa ya kuiponya. Bado majina yanampotea, na usiku mwingine bado anaulizia ng'ombe. Lakini yuko macho. Binti aliniambia kwamba jioni moja bibi alimshika mkono, akamwita kwa jina la mama yake, akaanza kumsimulia hadithi. Hakuimaliza.

JIPIME

1. Kwa nini mzee mwenye demensia hutetemeka anapotumia haloperidoli?
2. Taja sababu tatu zinazotibika za mzee kuchanganyikiwa ghafla.
3. Kaka wa rafiki yako ana skizofrenia na amepewa klopromazini hospitali. Rafiki anataka kuzitupa baada ya kusoma makala haya. Utamwambia nini?
4. Mjadala wa darasa: "Kumfungia mzee ndani na kumlaza kwa dawa ni jambo moja." Unakubali au unakataa? Toa sababu.

MAJIBU: (1) Dawa huziba kazi ya dopamini inayosaidia mwendo wa mwili. (2) Malaria, maambukizi ya mkojo, kukosa maji, sukari kushuka, homa ya mapafu, maumivu, choo kigumu au dawa nyingine. (3) Asitupe. Ile ni dawa ya ugonjwa wake. Kama kuna madhara, arudi hospitali. (4) Jadilianeni, na mwende nalo nyumbani.